Ringi Tuliyoigonga Mpemba

Kaka Yohana,

Mgongo unaendeleaje? Huku Mpemba ni upepo, vumbi na baridi. Jana mchana bendi yako, sisi watatu wenye mvi bila wewe mpiga ngoma wetu, tulipiga muziki kwenye uwanja wa baa, mbele ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Hakuja mtu. Basi nikaanza wimbo wetu wa roki kama ulivyotufundisha kule gereji, kwa kugonga ringi ya lori kwa nyundo.

Kaka, watu wakaja mbio! Miaka ishirini na mitano hatujawahi kujaza uwanja hivyo. Nikazidi kugonga. Ndipo nikaona akina mama wamebeba unga na kuni. Kumbe mtaa huu ringi ikigongwa mfululizo, kuna msiba.

"Nani kafa?" akauliza mzee mmoja.

Nikasema sisi ni wanamuziki. Wakaondoka kabla hatujafika ubeti wa pili. Mama mmoja tu alirudi, akaniwekea unga wake miguuni.

"Chukueni, baba. Nyie mnaonekana mmefiwa."

Tulisonga ugali, tukala, tukafunga vyombo. Mungu akunyooshe huo mgongo, ndugu yangu. Ila ngoma zako usizifute vumbi tena.

Wako,
Edson