Mikono Yake, Miguu Yangu

Jumapili, alasiri. Kipupwe kimekaza. Tangu asubuhi wingu halijafunguka hapa Yombo, na vidole vyangu vilijua hivyo kabla mie sijaamka.

Leo sikwenda kanisani. Nilianza kuvaa gauni, nikashindwa na vifungo vya mgongoni, nikalivua. Sasa nimekaa kitandani naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, maana ndicho chenye nafuu kuliko wenzake. Ukikuta herufi zimerukwa, sababu ni hiyo.

Bi Salha ameondoka. Leo siku ya tatu.

Bi Salha ni mama mwenye nyumba wangu. Ana miaka sabini na kitu, mjane, mzaliwa wa Pangani mwenye asili ya Kiarabu, na marehemu mumewe aliuza vitambaa maisha yake yote. Watoto walishaoa na kuolewa, wakahama, akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Mie nilikuja kupanga chumba cha uani miaka sita iliyopita. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya mizigo, msichana wa Ngara niliyejiona nimeshafika.

Halafu baridi yabisi ikanikamata mikono. Ilianza kwa kushindwa kushika kalamu asubuhi, ikaja kushindwa kuchapa. Bosi alinivumilia sana, mwisho akaniita akaniambia kwa upole kwamba kazi haziwezi kusubiri vidole. Sikumlaumu. Tangu hapo nafundisha watoto wa mtaa twisheni barazani, kwa mdomo zaidi kuliko kwa chaki, na naishi kwa kubana.

Bi Salha yeye ana magoti. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, "mie nina magoti," kana kwamba sie wengine hatunayo. Yalivimba, yakakataa kukunjwa, yakamfanya atembee kwa kuyumba akishika ukuta. Lakini mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu. Alikuwa anakamua shuka mpaka inatoka karibu imekauka.

Kwa hiyo tuligawana. Mie nina miguu, sina mikono. Yeye ana mikono, hana miguu. Mie nilifagia, nilikwenda sokoni, nilisimama foleni ya maji. Yeye alifua, alimenya, alikata, alifungua kila kilichokuwa na kifuniko. Siku moja alinitazama nikitoka na kapu akasema, "Devota, tukishonwa pamoja tunatoka mwanamke mmoja mzima. Tena mzuri."

Kubana nilifundishwa na yeye. Aliniambia kuwa mtu maskini hashindwi na njaa, anashindwa na haraka. Sokoni nilikwenda jioni, wauzaji wanapotaka kurudi makwao, fungu la nyanya linakuwa kubwa kwa bei ileile. Tulikuwa na jiko moja la mkaa kwa nyumba nzima. Maharage tuliyaloweka, tukayachemsha kidogo, kisha tukaiviringisha sufuria kwenye blanketi kuukuu na kuyaacha yaive kwa joto lake lenyewe mpaka mchana. Maji ya moto yalikuwa na safari ndefu: kwanza mikono yangu ilikaa humo na chumvi, kisha akachovya kitambaa cha kukandia magoti yake, kilichobaki tukadekia ukumbi.

Mwanawe Nassor aliwahi kumletea jiko la gesi. Alishukuru, akalifunika kitambaa cha kufuma, akaliweka sebuleni kama runinga.

Vidonge vyangu ni vya aina mbili. Vile ambavyo daktari alisema visikosekane, sivikosi, hata ikibidi nile ugali na chumvi. Vya kutuliza maumivu nameza siku zile tu ambazo nina watoto wa kufundisha. Siku nyingine naumwa bure. Nilizoea kuumwa bure kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuumwa naye. Tulikaa ukumbini, kila mtu na kiungo chake, tukasikiliza redio. Hakuna aliyemwuliza mwenzie "bado tu?" Wenye afya huuliza hivyo. Hawana ubaya, ila ukiulizwa mara kumi unaanza kudanganya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Wiki mbili zilizopita, mchana, nilisikia ndoo ikianguka bafuni. Halafu kimya. Nikasukuma mlango. Bi Salha alikuwa chini sakafuni, kanga imelowa, mguu mmoja umekunjika vibaya chini yake. Alikuwa na fahamu zake zote. Kitu cha kwanza alichoniambia ni nifunge mlango.

Nilijaribu kumwinua. Nilimshika kwapani, vidole vyangu vikafunguka vyenyewe, kama si vyangu. Nikajaribu tena, nikapiga kelele kwa maumivu, mie, si yeye. Nikachukua kanga nyingine, nikaipitisha chini ya mikono yake, nikajifunga kiunoni nivute kwa miguu. Tukateleza wote.

Nikamwambia, "Bi Salha, ngoja nimwite fundi baiskeli hapo nje, anisaidie."

"Devota. Usimlete mwanamume yeyote anione hivi. Bora nibaki hapa."

"Basi jirani, mama Zuwena."

"Mama Zuwena ana mdomo. Kabla ya magharibi, mtaa mzima utakuwa umenivua nguo."

Tukabaki. Adhana ya adhuhuri ikapita, ikaja ya alasiri, sisi bado tumekaa kwenye saruji yenye maji, mgongo kwa mgongo ili apate cha kuegemea. Alitetemeka. Nilimsikia akisoma dua kwa sauti ya chini, na mie nikawa nasali Salamu Maria kimoyomoyo, sikuthubutu kuchanganya.

Mwisho tulifanya hivi. Nilipindua ndoo, nikaiweka pembeni yake, na kigoda kirefu karibu na mlango. Nikapiga magoti na viwiko sakafuni kama mtu anayemtafuta mende chini ya kabati. Yeye, kwa ile mikono yake, akajivuta juu ya mgongo wangu, kutoka mgongoni akapanda kwenye ndoo, kutoka kwenye ndoo hadi kigoda, na kutoka kigodani akashika mlango. Uzito wake wote ulipita kwenye viwiko vyangu. Sitausahau.

Alipokaa kitandani, amevaa nguo kavu, tulicheka. Tulicheka mpaka machozi. Kisha akaacha ghafla, akanishika mkono, taratibu, anajua pa kushika.

"Niapie kwa Mungu wako kwamba Nassor hatajua."

"Bi Salha..."

"Akijua atanichukua. Atanipeleka Kigamboni nikakae kwenye kochi niangalie tamthilia na mkewe. Mie nimeingia nyumba hii nikiwa bi harusi. Niapie."

Nikaapa.

Jumatano iliyopita Nassor alikuja, na kuku wawili na mfuko wa machungwa. Ni mtu mwema. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana watoto wadogo, ana mvi ambazo hazikuwepo mwaka jana. Alimkuta mama yake amekaa, akamwomba ainuke wasalimiane vizuri, mama akatoa visingizio. Alipotaka kuondoka alinikuta uani naanika nguo. Akaniuliza, bila ukali wowote.

"Dada Devota, nakuuliza wewe kwa sababu mama hataniambia. Mama anaweza kuendelea kukaa hapa?"

Nilikuwa na muda wa kusema ndiyo. Neno lenyewe silabi mbili tu.

Nikamwambia yote. Ndoo, kanga, adhana mbili. Nikamwambia kwamba siku nyingine naweza kuwa sokoni. Nikamwonyesha viwiko vyangu, bado vilikuwa na michubuko. Alisikiliza huku ameshika nguzo, kisha akafunika macho kwa kiganja.

Nataka kuandika kwamba nilisema kwa ajili ya Bi Salha. Kwamba niliogopa nitarudi siku moja na kapu langu nimkute ameshapoa. Ni kweli, niliogopa. Kila nilipotoka nilikwenda mbio na kurudi mbio, na usingizi wangu ulikuwa wa sikio moja.

Lakini kuna jingine, na hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kulisema.

Nilichoka.

Wiki zile mbili viwiko vilivimba, mabega yakafuata. Nilimaliza vidonge vya mwezi mzima. Nilikuwa nainama kumvalisha viatu na moyoni nasema, kwa nini mtu mwenye mtoto wa kiume mwenye duka anavalishwa viatu na mie? Nassor aliponiuliza, mdomo wangu ulifunguka upesi mno. Mtu anayevunja kiapo kwa upendo tu, nadhani husitasita kidogo. Mie sikusita.

Ijumaa baada ya swala walikuja na gari. Mke wa Nassor, binti mpole sana, alifunga nguo kwenye mabegi. Mie nilisimama mlangoni, sikuwa na cha kushika. Bi Salha alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, amevaa baibui lake zuri, mikono juu ya mkoba. Nilimwamkia. Hakuitikia.

Watu wa pwani mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Mie mtu wa bara nimeujua Ijumaa.

Alipopita mbele yangu, ameshikwa huku na huku na mwanawe na dereva, alisimama. Nilidhani atasema kitu. Aliniangalia mikono tu, kisha akaangalia mbele. Mlango wa gari ukafungwa, nikasikia wakijadiliana wapite darajani au wapande pantoni, na yeye akisema, "Popote. Mmeshaamua."

Nassor aliniambia nisiwe na wasiwasi na chumba, nikae kwa kodi ileile, vyumba vingine atavitafutia wapangaji taratibu. Akaniachia lile jiko la gesi. "Mama hatalihitaji," alisema. Alikusudia wema. Lakini tangu Ijumaa nikilitazama naona ujira, na sijaliwasha. Nimepika uji kwenye mkaa, uji siku tatu, kwa sababu uji hauhitaji kukata kitu.

Jana nilifua shuka moja. Nilishindwa kuikamua, nikaitundika ikiwa inamwaga maji kama bomba. Mama Zuwena akapita, akaona, akaingia bila kuitwa, akaikamua. Hakusema neno. Nikamkumbuka Bi Salha alivyosema ana mdomo, nikaona pengine hata katika hilo tulimwonea.

Leo saa sita nikapiga simu. Nilikuwa nimejipa sababu elfu za kutopiga. Alipokea mkwe wake, nikasikia akisema, "Mama, dada Devota," kisha televisheni tu ikiongea kwa nyuma. Nilidhani amekataa.

"Haya."

"Shikamoo, Bi Salha."

Nikasubiri. Nilihesabu pumzi zake, tatu.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Uji."

"Uji chakula cha mgonjwa."

Nikataka kusema, na mie ni nani? Badala yake nilimwuliza habari za magoti. Akanijibu kwamba huko haruhusiwi kuinuka hata kufuata maji ya kunywa, kwa hiyo magoti hayana kazi ya kuumia. Alisema bafu lao lina vyuma vya kushika ukutani, Nassor ameviweka jana. Alisema wajukuu wanapiga kelele. Alisema bahari inasikika, na haipendi, inamfanya alale mchana. Alizungumza kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mwisho nikamwambia, "Nilikula kiapo nikakivunja. Naomba unisamehe, mama."

Sijawahi kumwita mama. Siku zote ilikuwa Bi Salha.

"Mungu wako ameshakusamehe, Yeye hana kazi ngumu, hakuhamishwa nyumba. Mie nipe muda."

Halafu akamrudishia mkwewe simu.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa sita. Sijui kama nimemwokoa au nimemzika kabla ya siku yake. Najua kwamba leo, wakati huu ninapoandika, amekaa pakavu, na akianguka yupo wa kumwinua. Najua pia kwamba amekaa kwenye kochi, na televisheni imewashwa, kama alivyoogopa. Yote mawili ni kazi yangu.

Vidole vimegoma, naishia hapa.

Kesho saa sita nitapiga tena. Asipopokea, keshokutwa.