Salima Ananuka Namna Gani?

Mjini Baraka, Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Mvua imekatika sasa hivi. Bamama wawili wamepita mbele ya nyumba wakisema udongo unanukia vizuri leo. Nimesimama mlangoni nikavuta pumzi kwa nguvu, kama ninavyofanya kila mara mvua inapokatika.

Hakuna kitu.

Nimekaa juu ya kitanda na simu yangu, na leo nitaandika jambo ambalo nimelificha zaidi ya miaka minne. Mimi sisikii harufu. Si ya udongo, si ya moshi, si ya sabuni, si ya samaki. Na kazi yangu ni kuuza samaki.

Ilianza wakati ule wa corona. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Homa ilinishika, kikohozi, mwili wote ukauma kama nimepigwa. Redio ilikuwa inatuambia tunawe mikono na tusikae karibu karibu. Hapa mtaani watu walisema ule ni ugonjwa wa Kinshasa, wa watu wanaopanda ndege. Hakuna aliyenipima. Siku ya tano nilipata nguvu, nikaweka ndagala kwenye mafuta. Niliyaona mafuta yanachemka, niliona vile visamaki vinageuka rangi, lakini nilikuwa kama mtu anayetazama mapishi kupitia dirisha la jirani.

Nikasema ni mafua. Mafua yakaisha, pua haikurudi.

Salima alizaliwa wiki sita baadaye. Watoto wangu watatu wa kwanza niliwajua kwa pua kabla sijawazoea kwa sura. Zuena, mkubwa wao, alinuka kama maziwa yaliyopashwa moto kidogo. Hata leo nikifunga macho naweza kumkumbuka vile. Salima walipomlaza kifuani kwangu, niliweka pua kwenye utosi wake nikavuta. Nikavuta tena. Machozi yakanitoka, na mkunga akafurahi, akafikiri ni shukrani.

Mtoto wangu wa mwisho sijawahi kumnusa.

Kwa nini sikusema? Niliogopa sokoni. Mwanamke wa ndagala anafungua gunia, anaweka mkono ndani, anapeleka puani, na mteja anamtazama uso. Uso wangu ndio nilioendelea kuuza. Nilinusa, nikatikisa kichwa, nikasema hawa ni wazuri, wamekauka vema. Mara moja nilipeleka Lulimba gunia lililokuwa limeshika unyevu katikati, na mama aliyelipokea akanitumia ujumbe: "Mama Zuena, siku hizi pua yako iko wapi?" Alikuwa anatania. Nilikaa siku mbili bila kumjibu.

Baba Zuena pia sikumwambia. Yeye anaendesha mtumbwi wa injini, anakwenda Kalemie na kurudi, na bidon ya esanse, dumu la petroli ya injini, anaiweka kwenye chumba cha nyuma. Kila mara aliponiuliza kama inanuka sana, nilimjibu hapana. Hapo sikuwa nadanganya.

Jumamosi ilinyesha kama leo. Mume wangu alikuwa ziwani, watoto wakubwa walikuwa kwa shangazi yao. Salima alilala kwenye mkeka. Niliingiza jiko langu la mbabula ndani ili makaa yasilowe, nikachukua kiberiti. Sikujua kwamba bidon imepasuka chini, na esanse imepita chini ya mlango mpaka karibu na mkeka. Sakafu ilikuwa imelowa, nikafikiri ni maji ya mvua.

Mama Byaombe, jirani yangu, alikuwa anakimbia kutoka mvuani kuja kwangu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyegonga ukuta.

"Mama Zuena! Acha kiberiti! Esanse iko inanuka mpaka inje! We hausikie?"

Njiti ilikuwa tayari kati ya vidole vyangu. Mama Byaombe alinyakua mtoto, mimi nikabaki nimesimama. Baadaye tulitoa bidon pamoja, tukaiweka chini ya migomba. Mikono yetu yote ilikuwa na esanse. Alinusa yake akakunja uso. Nami nikanusa yangu, uso wangu haukubadilika. Akaniangalia, akaelewa.

Alinishika tu begani.

Jumatatu nilikwenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi ni kijana mwembamba anayetoka upande wa Minembwe, kule milimani, ana sauti ya chini. Alinimulika puani na tochi, akaniuliza kama nimewahi kuanguka na kuumia kichwa, kama kichwa kinaniuma sana. Hapana.

"Tangia lini, mama?"

"Tangia wakati ya corona."

"Na haukukuya kuuliza?"

"Nilikuwa naogopa."

Nikamuuliza yote niliyokuwa nayabeba. Ilikuwa corona kweli? Alisema inafanana nayo sana, lakini kipimo cha leo hakiwezi kutuambia ya wakati ule. Ilimdhuru mtoto tumboni? Alinihoji kuhusu Salima, anavyokula, anavyosema, anavyokimbia, akasema haoni sababu ya mimi kujitesa. Pua yangu itarudi?

"Sijui, mama."

Ni mara ya kwanza mtu wa koti jeupe kuniambia hajui, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alieleza kwamba kwa wengine inarudi hata baada ya muda mrefu, kwa wengine inarudi nusu, au inarudi vibaya, kahawa ikanuka kama mpira unaoungua. Kwa wengine hairudi. Ila kuna mazoezi. Ndimu, karafuu, tangawizi, majani ya mkalatusi. Asubuhi na jioni, kimoja kimoja, kwa miezi mingi, bila kuchoka. "Unanusa na unakumbuka," alisema. "Ile harufu ya zamani, unaiita."

Nikamwambia, "Ile ninayoitaka mi siijue. Sikuisikia hata siku moja. Nitaiita na jina gani?"

Alifunga daftari lake. Kisha akanihadithia kwamba kwao mama yake alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa majani, na maziwa yalibeba moshi ule. Miaka mingi hajafika nyumbani, kwa sababu ya vita na barabara. "Mi niko na pua, mama. Lakini ile harufu iko kule juu, na njia haiko."

Halafu akamwita mgonjwa mwingine.

Leo asubuhi Baba Zuena amerudi. Kabla hata ya kunisalimia vizuri ameuliza, "Juu ya nini esanse yangu iko inje, kwenye mvua?"

Nikamwambia. Yote: bidon, kiberiti, gunia la Lulimba, miaka minne. Nilitegemea kelele. Alikaa juu ya kiti chake, viatu bado vina mchanga wa ziwa, akashika kichwa.

"Kila siku mi nakuacha na batoto pembeni ya esanse. Miaka mine! Na we unanyamaza?"

"Nilikuwa na haya."

"Haya ya nini? Ni ugonjwa, si wizi."

Ameibeba bidon mwenyewe mpaka kwenye banda la mitumbwi. Aliporudi, Salima alikuwa amepanda magotini pangu, nami nikamwuliza mume wangu jambo ambalo sijawahi kuthubutu kumwuliza mtu.

"Salima ananuka namna gani?"

Baba Zuena si mtu wa maneno. "Ananuka mutoto," akasema. Nikamwambia hiyo haitoshi. Akainama, akaweka pua nyuma ya shingo ya Salima, mtoto akacheka kwa kutekenywa. Alikaa hapo muda mrefu, macho amefumba, kama mtu anayetafuta mlio mbaya ndani ya injini.

"Moshi kidogo," akasema. "Na ndagala. Na mafuta ya kujipaka." Akanusa tena. Akainua kichwa akaniangalia. "Ananuka weye."

Hata mimi mwenyewe sijui tena nanuka vipi.

Sasa Salima amelala hapa pembeni yangu, nywele zimelowa kwa mvua aliyoikimbilia. Wateja bado sijawaambia. Nimemwomba Mama Byaombe awe ananinusia magunia kila asubuhi kabla ya soko, na amekubali. Yule mama wa Lulimba nitampigia mwenyewe, nimweleze pua yangu iko wapi. Zuena amenunua ndimu, na karafuu ziko ndani ya kikombe dirishani.

Nimekwisha kuzinusa mara mbili leo. Sijasikia kitu. Kisha nikaweka pua nyuma ya shingo ya mwanangu, pale pale alipoiweka baba yake, nikavuta polepole.

Pua ikirudi siku moja, nitajua harufu ipi ni yake?