Kitani Kavu Wakati wa Daku

Jumatatu, 24 Februari

Mwaka na ushei sasa tangu niondoke Kasulu nije huku kisiwani. Leo tena kusaga kitani tangu asubuhi. Mbegu ndogo, bapa, za kahawia, zinateleza mkononi. Mashine ya Bi Zuwena, mwenye duka, inapata moto haraka. Nasaga kidogo, napumzika, nasaga tena, maana unga ukipata moto mafuta yake yanachacha na wateja wanarudisha. Mgongo unauma. Nimechoka.

Wateja wengi ni kina mama wa mjini, wenye presha au wanaotaka kupungua. Bi Zuwena anawaambia wote maneno yale yale. Kitani kina mafuta mazuri kwa moyo. Kina nyuzinyuzi za kulainisha choo. Kina vitu vingine vya mimea, anaviita lignani, navyo vina faida mwilini. Kisha anakunja uso: usiimeze nzima, itatoka nzima. Saga. Kijiko kimoja kwenye uji. Maji mengi. Na vidonge vya hospitali usiache.

Nimeyasikia mpaka nayaota.

Jumatano, 26 Februari

Choo changu kimetengemaa. Naandika kwa sababu ni kweli. Tangu nije huku ni mihogo na chai kavu, nilikuwa nakaa siku nyingi bila kwenda. Nimekula unga wa kitani kwenye uji, basi. Nilimwambia Bi Zuwena. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Alhamdulillahi. Lakini usiwatangazie wateja, mwanangu, wengine hawajanywa chai."

Nimemwambia na Shabani. Tunakaa naye chumba kimoja Mpendae. Mnyamwezi wa Tabora, hamali, anavuta gari la mizigo kutoka bandarini mpaka Darajani. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika sina pa kulala. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu. Tunagombana juu ya kukoroma tu.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Shabani kafunga. Mimi nakula mchana nimejificha stoo, nyuma ya magunia, kama mwizi.

Mwezi huu mizigo ni mingi: tende, mchele, sukari, unga. Shabani hataki kukosa hata siku moja. Mkewe Mwajuma ana mimba kubwa, ya kwanza. Shabani anataka baada ya Idi awe Tabora, amwone mtoto akizaliwa. Hana neno jingine siku hizi.

Jumatano, 5 Machi

Shabani aliomba kitani. Nikamletea ile nzima inayobaki chini ya gunia, Bi Zuwena kaniruhusu. Nikamwambia asage, aloweke, anywe maji. Hakusaga. Wakati wa daku anachota kavu, vijiko vya kujaa, anateremshia kwa chai kidogo. Anasema inavimba tumboni, njaa haimpati mpaka Alasiri.

Nikamwambia tena maji.

"Muha wewe, nikinywa maji nitakojoa. Nikienda kukojoa zamu imepita."

Ni kweli. Mahamali wanapanga magari foleni. Anayetoka, hata kwa haja, anarudi mkiani.

Jumatatu, 10 Machi

Shabani anaongeza vijiko. Anasema hajawahi kufunga kirahisi namna hii, na wenzake nao wanaitaka. Sikuwapa. Jua ni kali, shati lake linarudi nyumbani na chumvi nyeupe mgongoni. Akifuturu anakunywa uji nusu bakuli, analala na viatu. Maji hanywi.

Sijapenda. Nimesema, hasikii. Mtu mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Shabani hajaenda choo tangu mwanzo wa wiki. Tumbo gumu, nimelishika mwenyewe. Anafanya mzaha, eti kashiba mpaka Idi. Lakini anatembea ameinama kidogo.

Nilimweleza Bi Zuwena. Aliacha mizani ikining'inia. "Kavu? Nzima? Na saumu, na jua hili? Huyo anajitia zege tumboni! Mwambie aache leo leo, aende hospitali. Na mgonjwa ana ruhusa kufungua, hiyo si ruhusa yangu mimi."

Nikamfikishia Shabani kama yalivyo. Kitani kaacha. Hospitali kakataa. Kufungua kakataa kabisa.

"Nifungue, nionekane na chupa ya maji Darajani? Watasema ndio hao wabara, wamekuja kula mchana."

Nikamwambia ni afadhali waseme. Akageukia ukutani. Nina hasira naye.

Jumamosi, 15 Machi

Mahamali walikuja kuniita dukani. Shabani kaanguka njiani na gari lake. Ametapika kijani. Nilipofika bado alikuwa ananieleza kwamba saumu haijabatilika, kwa sababu hakujitapisha makusudi.

Mahamali walishusha mchele wa watu barabarani, wakamlaza kwenye gari lake mwenyewe, wakamvuta mpaka hospitali wakipiga kelele watu wapishe. Walikuwa wengi. Hakuna aliyebaki foleni.

Daktari anasema utumbo umeziba. Mbegu zimenyonya maji yote zikashikana, na sehemu moja ya utumbo imeanza kufa. Wamemwingiza kupasuliwa. Nimekaa nje kwenye benchi. Naogopa. Sijui namba ya Mwajuma kwa kichwa, na simu ya Shabani imezima.

Jumapili, 16 Machi

Yu hai. Wamekata kipande cha utumbo. Ana mfuko ubavuni, choo kinatokea humo. Daktari anasema huenda watauondoa baada ya miezi, wataona. Mizigo asahau.

Bi Zuwena alikuja na uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Alilia. Kisha akanigombeza kwa nini sikumwambia mapema. Mbegu nilimletea mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesaga kitani. Wateja wamekuja, wamenunua, wameondoka. Ni chakula kizuri, nalijua hilo tumboni mwangu mwenyewe. Leo sikuweza kukionja.

Jumanne, 25 Machi

Shabani karudi Mpendae. Hawezi kuinama. Mfuko namsafishia mimi. Naona kinyaa, sitasema uongo. Navuta pumzi mlangoni, naingia, nafanya, natoka. Anafumba macho muda wote kama amelala.

Mwajuma alipiga simu. Shabani akamwambia yuko kazini, mizigo mingi. Akafungua dirisha ili sauti za barabarani zisikike. Alipokata simu akaniambia, "Wewe ukiulizwa, sema gunia liliniangukia. Usitaje mbegu. Mwanamume mzima kuangushwa na mbegu!"

Nikasema sawa.

Jumapili, 6 Aprili

Idi imepita. Shabani alikula wali kidogo, akakaa kizingitini na kanzu yake, mfuko haukuonekana. Mahamali walikuja kumsalimia, wakamtania kwamba sasa ni bosi, anakaa tu. Alicheka. Walipoondoka hakucheka.

Kesho tunavuka bahari, kisha treni. Daktari kamruhusu, kanipa barua ya hospitali ya Tabora. Mabegi yote nabeba mimi. Mwajuma bado hajajifungua.

Mchana nilimwambia Shabani kwamba nitamweleza mkewe ukweli. Ndiye atakayempikia. Lazima ajue ale nini, na anywe maji kiasi gani. Nilidhani atanitukana. Badala yake akauliza kama mtoto atauogopa mfuko. Nikasema sijui.

Sasa kalala. Nguo zimekunjwa. Bi Zuwena anasema nafasi yangu ataishika mpaka mvua ziishe, lakini sijamwahidi kitu.

Nikishamkabidhi Shabani kwa Mwajuma, nitaendelea na treni mpaka Kigoma. Nyumbani Kasulu natarajia kufika kabla ya Pasaka.