Alama kwenye Mkanda wa Tata

Hamugembe,
Bukoba.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa Baba mdogo Projestus,

Kabla ya kushika kalamu nimejiwekea ahadi kwamba nitakueleza yote, hata sehemu ambayo ningependa kuiruka. Lakini kwanza shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama mdogo Adelina alisema kwenye simu kwamba baridi ya huko Moshi hulizidisha, na kwamba uko mlimani na wageni hadi katikati ya wiki, mahali simu haishiki. Ndiyo sababu nimeandika. Jirani yetu Rahima anakwenda Moshi kesho kumwona dada yake, naye ameahidi kuiacha barua hii kwenye stoo yenu ya vifaa vya wapanda mlima, mikononi mwako au mwa Mama mdogo.

Sisi hatujambo. Nimefunga shule tangu Ijumaa ya tarehe 31. Nilikuwa wa nne darasani, na wa pili katika fizikia. Mama yupo Ijumbi kwa Bibi tangu juzi, wanachuma kahawa. Mwaka huu imezaa vizuri, ila migomba miwili ya nyuma ya nyumba ya Bibi imepata mnyauko na ilibidi ing'olewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kwamba Tata, kaka yako, bado anapanda minara ya simu pamoja na fundi mwenzake Anwari. Mwezi wa tano walifanya kazi Muleba na kikundi kingine, wakaweka vifaa vyao katika stoo moja. Siku moja fundi wa kikundi kile aliangusha karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba na mkanda, kutoka juu kabisa, ikagonga zege. Badala ya kuitupa, mtu aliiokota akaichanganya na nyingine. Zote zilikuwa za aina moja, rangi moja. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho, na Tata hakuweza kujua ipi ilianguka, kwa hiyo alizitupa zote nane, na tatu kati ya hizo zilikuwa mpya. Alirudi nyumbani akasema kifaa kisicho na alama ni kama mtu usiyemjua kwao. Huwezi kumkabidhi uhai wako.

Neno hilo lilinikaa kichwani. Walikuwa wameshajaribu utepe wa umeme wa rangi nyekundu, lakini jasho na mvua viliubandua. Nilitaka alama isiyotoka.

Siku iliyofuata baada ya kufunga shule tulikwenda Ijumbi kumzika mzee Rutaihwa. Unakumbuka jinsi majembe yanavyokusanywa kutoka kila nyumba kwa ajili ya kaburi, kisha yanarundikwa pamoja, na kila moja linarudi kwa mwenyewe kwa alama iliyochomwa kwenye mpini. Yetu ni mistari miwili na nukta, na Bibi huichoma kwa msumari wa inchi sita. Alilivuta jembe letu kwenye lile rundo bila hata kuinama vizuri. Nikajiambia, kumbe dawa iko hapa nyumbani.

Baba mdogo, alasiri ile niliuweka msumari kwenye moto wa Bibi, nikauchukua mkanda wa Tata wa kupandia kwenye begi alilokuja nalo kwa kazi ya Jumatatu, nikachoma mistari miwili na nukta kwenye ule utepe mpana wa mgongoni, upande wa ndani. Ulitoa moshi kidogo na harufu kama ya mfuko wa plastiki. Alama ilitoka vizuri sana. Sikumwambia mtu. Nilitaka aione mwenyewe na afurahi.

Jumatatu aliuvaa akapanda mnara wa Ijumbi. Jumanne akapanda tena.

Jumanne hiyo alasiri walirudi hapa Hamugembe na Anwari akaketi barazani kunywa chai. Alikuwa akimcheka bodaboda mmoja aliyekwama kwenye tope akavutwa kwa kamba ya nailoni. Kamba ilikuwa imegusa ekzosi ya pikipiki. Kwa macho ilikuwa nzima, lakini walipovuta ikakatika palepale ilipogusa moto. Anwari alisema, "Yule kijana alikaa chini, tope mpaka kiunoni, bado ameshika kipande chake kama ng'ombe wake amemtoroka." Tata alicheka sana. Mimi niliweka birika chini nikaingia ndani.

Niliikunja ile sehemu niliyochoma. Ilikuwa ngumu, na ukingoni nyuzi zilivunjika kama makapi.

Nakueleza ukweli, nilikaa kitandani nikiwaza kwamba labda si kitu, maana ameshapanda mara mbili na amerudi. Kisha nikawaza kwamba kesho angepanda mara ya tatu. Nikautoa mkanda nje, nikamwekea Tata magotini mbele ya mgeni, nikasema ni mimi.

Aliipapasa ile alama kwa kidole gumba. Aliuliza, "Lini?" Nikasema Jumamosi. Aliinua vidole viwili, kimoja kwa kila siku aliyopanda, akavitazama, akavishusha. Anwari ndiye aliyesema kwanza: "Bwana Gozbert, umewekewa alama ya jembe. Yaani binti yako alishakuandaa kwa kuchimba au kwa kuchimbiwa?" Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Tata hakunipiga wala hakupaza sauti. Alichukua panga akaukatakata mkanda vipande vipande, ili asije mtu mwingine akauokota na kuuvaa. Alipomaliza alisema, "Ungenyamaza, kesho ningeuvaa." Kisha akaniomba nimwongezee chai.

Tangu siku hiyo amebaki chini akivuta kamba, na Anwari ndiye anayepanda. Lakini tajiri wao amempatia mkanda mpya, na baada ya Idi, Jumatano tarehe 19, wanaanza mnara wa Ngenge. Huo ni mrefu kuliko wa Ijumbi. Mkaguzi atakuja siku hiyohiyo, na anataka kila kifaa kiwe na namba isiyofutika na kiandikwe kwenye daftari: kilinunuliwa lini, kilianguka lini, nani anakitumia. Tata amenipa mimi kazi ya daftari. Sikutegemea anipe, baada ya yaliyotokea.

Kwa hiyo ninajifunza. Kwenye mkanda mpya nimeandika namba kwenye kile kitambaa kidogo cha lebo tu, kisichobeba uzito. Kwenye karabina nimepaka tone la rangi ya kucha ya Mama mgongoni, mbali na mlango wake na springi. Tata angependa kuzigonga namba kwa tindo, lakini nimemwomba asubiri neno lako. Kwenye kamba Anwari anataka kuvisha ncha kimpira kinachosinyaa kikipata moto. Nikisikia neno moto ninasita. Tafadhali niambie ninyi huko mnafanyaje, maana mna mamia ya vifaa na havichanganyiki.

Limebaki moja, na ndilo linaloninyima raha. Wakati wa Pasaka Tata aliandika jina lake kwenye helmeti kwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka mlango. Herufi kubwa, nzuri, pande zote mbili. Nimeikuta ile karatasi iliyokuja na helmeti, nikaisoma kwa kamusi. Imeandikwa kwamba rangi na vimiminika vya kuyeyushia rangi vinaweza kuidhoofisha plastiki bila kuonyesha ufa. Nilimsomea. Alisema karatasi zile zinaandikwa na watu wanaotaka ununue nyingine. Mtu aliyechoma mkanda wa baba yake hana sauti ya kumfundisha habari za helmeti. Wewe ni mdogo wake, lakini katika mambo haya anakusikiliza, husema mara kwa mara, "Projestus angejua."

Bibi Gaudiosa anakusalimu. Anasema mwanawe asisahau kwamba ana mama, na anamwomba Bikira Maria akushike mkono kwenye kila jiwe. Mama anakusalimu pia, pamoja na Anwari, ambaye anataka umletee theluji kwenye chupa. Nisalimie Mama mdogo Adelina na mdogo wangu Avit. Mwambie kitabu chake cha hesabu bado ninakitunza. Mungu akushushe salama mlimani, na goti likupe amani.

Rahima anarudi huku Jumamosi ili awahi Idi. Mpe jibu lako, hata kama ni mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, nami nitamwonyesha Tata mwandiko wako. Je, Jumatano aivae helmeti ile, au asiivae?

Binti yako akupendaye na anayekungoja,
Annastella Gozbert