Baba, Nimekifungua Chumba cha Sita

Baba,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwa jirani, kwa sababu nyumbani kwako sasa hivi haruhusiwi mtu kuingia, hata mimi. Mvua imetulia tangu adhuhuri, lakini mto Mkondoa umejaa na mawingu bado yamekaa juu ya milima. Najua barua haitakufikia. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya arobaini yako nilirudi Mikumi na funguo zako zote kwenye mkoba. Mgahawa wangu ulikuwa unanisubiri, na nyani wa kule hawajali kwamba mtu kafiwa, ukiacha chapati wazi wanabeba. Nikajiambia nyumba ya Mabwerebwere nitaiendesha kwa simu. Wapangaji watano, umeme wa luku, choo cha pamoja, kuna nini cha kunishinda?

Wewe ulikuwa na utaratibu wako, na mimi niliucheka. Kila Jumamosi asubuhi ulitoka chumba chako cha mbele ukazunguka korido nzima, unabisha hodi kama mgeni kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe. Hukwenda kudai kitu. Uliuliza hali za watoto, ukapitisha kiganja chini ya ukuta, ukagonga sakafu kwa fimbo, ukaaga. Nilidhani ni upweke wa mzee aliyefiwa na mke. Uliniambia, "Mpangaji akikulalamikia, mshukuru, amekufanyia kazi yako." Ukaniambia pia kwamba kabla sijampa mtu ufunguo nilale kwanza mwenyewe ndani ya chumba hicho, tena siku ya mvua. Nilikuitikia huku nikichezea simu.

Na kile chumba cha sita, cha mwisho karibu na uani, ulikifunga kufuli miaka yote. Ndani uliweka kuni, magunia matupu na baiskeli isiyo na magurudumu. Nilipokuuliza kwa nini hukipangishi, ulisema, "Hicho si cha mtu kulala," ukaendelea na uji wako. Majirani walisema umefuga jini. Mimi nilisema ni ubishi wa uzee.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa hakuna mwingine wa kumwambia.

Kwanza nilimhamisha mwalimu wa namba tatu. Nilimwambia nataka kufanya ukarabati. Ukarabati wenyewe ulikuwa kopo moja la rangi, na wiki iliyofuata nikamwingiza mfanyabiashara wa mpunga aliyeniahidi zaidi. Mwalimu hakunitukana. Alipakia godoro na vitabu vyake akahamia Kimamba, na wapangaji wote wakatazama.

Kisha nikakifungua chumba cha sita. Nikatoa kuni zako, nikaweka marumaru nyeupe zinazong'aa, nikampangisha Mama Neema, yule anayeuza vitumbua stendi, pamoja na binti zake wawili. Sikulala humo hata siku moja.

Vuli ilipoanza alinipigia. "Dada Zuhura, mlango unakwaruza chini." Nikamwambia amwite fundi apige randa. Baada ya wiki chache akapiga tena, mlango umerudia. Nikasema randa tena. Mara ya tatu akaniambia kuna marumaru karibu na kitanda inalia ukiikanyaga, na kuna harufu. Nikamjibu afungue dirisha. Baba, mlango ule ulipunguzwa mpaka ukabaki nusu, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini mlango mzima uanze kukwaruza. Hakukuwa na shida yoyote kwenye mlango. Fremu ndiyo ilikuwa inazama, pamoja na ukuta.

Nilikuja kujua siku tuliyokusomea hitma. Yule fundi mzee aliyekujengea alikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akauliza namba sita anakaa nani. Nikamjibu kwa maringo. Akaacha kula.

"Mwanangu," akasema, "pale chini kuna shimo la choo. Kiwanja hiki mzee wako alikinunua kikiwa na vyoo viwili vya mwenyewe wa zamani. Tulivifunika kwa magogo na zege jembamba, tukajenga juu. Tulikuwa na haraka, masika yalikuwa yanakuja."

Nikamuuliza cha pili kiko wapi. Alishika paji la uso. Upande wa barabarani, alisema, ila mahali penyewe pamemtoka.

Nilikwenda kwa Mama Neema saa ile ile. Nikamwambia ahame leo, sakafu si salama. Aliendelea kupepeta mchele wake.

"Dada, hata mwalimu ulimwambia ukarabati," akasema. "Mimi kodi nimelipa, na mkataba tumesaini mbele ya mjumbe. Kama umempata wa kukupa zaidi, niambie tu."

Kweli yangu ilikuwa na sura ile ile ya uongo wangu, neno kwa neno. Nilisimama pale mlangoni, watoto wake wakiruka kamba juu ya marumaru zangu nyeupe, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nikawaita wapangaji wote kwenye korido. Nikasema mbele yao kwamba nilimdanganya mwalimu. Mfanyabiashara wa mpunga aliinamia simu yake. Kisha nikafungua chumba chako, ambacho nilikuwa sijamruhusu mtu hata kufagia, nikamwambia Mama Neema ahamie humo bila kulipa chochote. Akaniuliza, "Cha mzee?" Nikaitikia. Hapo ndipo aliponiamini. Alijua kwa hicho nisingefanya utani.

Alihamisha nguo, vyombo na watoto. Kitanda alikiacha, maana chako kilikuwepo. Kesho yake mchana, akiwa stendi, sakafu ya namba sita ikashuka. Nilipofika vumbi lilikuwa bado limesimama, na kwenye shimo jeusi yalikuwa yanaonekana matendegu mawili tu ya kitanda chake.

Watu walinisifu, Baba. Wakasema nimerithi roho yako. Na mimi nikavimba kichwa. Fundi mzee akaja na nondo, akaipima safu nzima ya vyumba, namba moja mpaka ya tano, kila mahali chuma kikagonga udongo mgumu. Akasimama mlangoni kwako. Nikamkatalia. Nilimwambia cha Baba asikiguse, marehemu amelala humu miaka yote na hakuna kilichomtokea. Alinitazama, akaweka nondo begani, akaondoka. Watoto wakalala humo siku mbili nyingine.

Leo asubuhi Mama Neema alinifuata uani, akasema taratibu, "Dada, mlango unakwaruza."

Tuliwatoa watoto kwanza, kisha nikamwita fundi mzee arudi. Fundi akasogeza kitanda chako, akapiga nondo pale pale kilipokuwa, ikazama mpaka ngumi yake ikagusa sakafu.

Kila msimu wa joto nilikuomba ukihamishie kitanda dirishani upate upepo, nawe ulikataa. Ulijua. Choo kimoja ulikifunga kufuli, kingine ulikilalia mwenyewe ili asikilalie mtu mwingine. Nimelia kwa upendo, halafu nimelia kwa hasira, na hasira haijaisha. Kwa nini hukusema? Uliona aibu? Uliogopa wapangaji watakimbia? Ulifikiri kufuli na mwili wako vinatosha, na mwili wako sisi tulishauzika. Nusura niwazike na watoto wa watu juu ya siri yako.

Nyumba sasa ni tupu. Mama Neema yuko kwa dada yake mtaa wa pili, wengine wamesambaa. Pengine hawatarudi, na siwalaumu. Nakuahidi mashimo yote mawili yatafukuliwa na kujazwa mawe mbele ya macho yangu, mgahawa utanisubiri. Nakuahidi kila atakayepanga hapa ataambiwa kilichokuwa chini kabla hajashika ufunguo, na maneno hayo yatakaa ndani ya mkataba. Kesho naenda Kimamba kumwomba mwalimu radhi.

Mvua imeanza tena. Naisikia ikipiga bati lako. Pumzika, Baba, Mungu akusamehe, na mimi nakusamehe kidogo kidogo, usinihimize.

Neema amekuja sasa hivi kuniuliza kama wanaweza kurudi kulala kwa babu. Nimemwambia hapana, nikamkalisha karibu yangu, nikamwambia na sababu.

Mwanao,
Zuhura