Udongo wa Msiba, Jumamosi ya Majaribio

Jumapili, 8 Machi
Naapa kuandika yote humu, hata yatakayonitia aibu. Naanza na furaha. Baada ya ibada Kocha Waimbe alituita timu nzima nyuma ya kanisa. Kwamba timu ya nchi yetu inaingia ligi ya raga ya Australia tunajua, wanaume hawana mazungumzo mengine. Sasa wanataka na wasichana! Makocha wao wanakuja mjini Hagen Jumamosi kutazama mechi ya majaribio. Watakaochaguliwa watapelekwa mji mkuu, Port Moresby — shule, bweni, mazoezi, kila kitu. Mwisho miaka kumi na sita. Mimi natimiza kumi na saba Julai. Yaani ni Jumamosi hii au basi.

Aliyenifundisha kukaba ni baba mdogo Noki, kwenye shamba la viazi vitamu. "Wee Delma, shika miguu! Kichwa hakikimbii!" Amelazwa hospitali, mjini Lae. Akirudi nitamsimulia.

Jumanne, 10 Machi
Baba mdogo amefariki.

Jumatano, 11 Machi
Wanawake wote tumepakwa udongo wa msiba, usoni hadi miguuni. Hauoshwi mpaka azikwe. Tunakaa chini, tunalia. Wageni wakiingia tunaanza upya. Sauti imenikauka. Baba yuko Lae kuuleta mwili. Mazishi Ijumaa. Nikawaza — Ijumaa tunazika, Jumamosi nacheza. Ni vibaya kuwaza hivyo mbele ya msiba? Niliwaza.

Alhamisi, 12 Machi
Kilima kimeporomoka kule Simbu, kwenye barabara ya kutoka Lae. Magari yote yamekwama. Baba kapiga simu: labda Jumapili. Labda!

Nikamwomba shangazi Ropina, dada yake marehemu, ruhusa ya asubuhi moja tu. Akatema popoo aliyokuwa anatafuna. "Mpira? Kaka yangu hajazikwa, wewe unataka mpira?" Nikasema marehemu mwenyewe angetaka niende. "Haya, sikilizeni! Siku hizi maiti zinaongea na watoto!" Wanawake wakacheka. Kisha wote wakamgeukia mama, wakamtazama.

Mama ni mtu wa Simbu, si wa ukoo huu. Na chakula cha mwisho alichokula baba mdogo hapa nyumbani, mama ndiye aliyekipika. Hakuna aliyetamka uchawi. Ila mwaka juzi, ng'ambo ya mto, walimtamkia mjane aliyeonekana halii vya kutosha. Nyumba yake ilichomwa. Alikokimbilia hakuna ajuaye.

Sitaomba tena.

Ijumaa, 13 Machi
Kocha Waimbe alileta pole na mfuko wa mchele. Aliponipa mkono akanong'ona: gari litasimama njia panda, alfajiri. Nikamwambia siwezi. "Binti yangu, hawa watu hawaji kila mwaka." Na wakija tena? "Utakuwa mkubwa mno."

Mama alikuwa ubavuni kwangu. Alisikia yote, hakugeuza hata shingo. Siku hizi analia kuliko dada za marehemu. Sijui ni huzuni au ni hofu.

Jumamosi, 14 Machi
Niko jikoni, naandika haraka haraka. Mama aliniita eti tuchukue kuni. Hakuchukua kuni. Alifunga mlango, akachovya kitambaa kwenye maji, akaanza kuniosha mguu wa kulia, taratibu, kuanzia gotini, kama nilipokuwa mdogo. Udongo ukatoka. Nikaiona ngozi yangu! Halafu akatoa soksi zangu za mechi kwenye mkoba wake wa kusuka — kumbe alizificha mle tangu lini? — akaniwekea pajani. Alipoushika mguu wa kushoto, shangazi akaita kutoka uani: "Mama Delma! Wageni wamefika, mbona hatukusikii ukilia?"

Kitambaa kikamponyoka. Akatoka mbio, na kabla hajavuka mlango alishaanza kulia kwa sauti.

Ameniacha hivi. Mguu mmoja msafi, mmoja una udongo. Nikirudi msibani wataona. Maji yapo, kitambaa kipo, soksi ziko mkononi. Kocha anapiga honi kule njia panda. Anapiga tena. Namsikia mama kule msibani, sauti yake iko juu ya sauti za wote, na siwezi kumwita pembeni nimuulize. Mama, nijibu sasa hivi, kabla gari halijaondoka — nikienda, watakufanya nini?