Usikate Migomba ya Mama

Kibomet, Kitale

Kwako kaka yangu Wafula,

Pokea salamu za dada yako Nekesa. Natumaini nyumba yote ya Kabuchai imeamka vizuri na kikohozi cha wifi kimepona. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu niisome barua yako. Ati unataka kukata migomba ya Mama upande kabeji za kuleta Kitale! Wewe tangu utotoni ukiona moshi unadhani kuna nyama.

Ni kweli mji unakua. Huku Kibomet nyumba zinaota kila upande, na wote wanataka kula. Lakini kati yao na shamba lako wamesimama mabroka, madalali wa soko. Siku hizi wana simu za mkononi. Gari la mboga likitoka Webuye, wao wanajua.

Juma lililopita alikuja hapa sokoni ninapouza mzee mmoja wa Matulo. Broka alikuwa amemfuata hadi shambani akamwambia, "Kata zote, lori linakuja." Mzee akakata, lori halikuja. Kabeji ikishakatwa haingoji mtu, basi akakodi pikapu akazileta mwenyewe. Mabroka wakamzuia mlangoni pa soko.

"Mzee, hapa huuzi bila sisi. Si urudi nazo nyumbani, bana?"

"Nirudi nazo wapi? Nimerima mwenyewe!"

Mimi na mdomo wangu nikamwita aweke chache mezani pangu, maana ni mtu wa kwetu. Kesho yake nilikuta meza imetupwa mtaroni na mwingine amekalia mahali pangu. Sasa nauza sukuma wiki chini, juu ya gunia, na mvua ikianza nakunja. Zile kabeji nyingine ziliishia kwa ng'ombe. Mzee alilia mbele ya watu, Wafula, na mvi zake. Nasikia uchungu hadi leo.

Mahindi yakikosa bei, mtayala. Kabeji zikikosa soko mtazifanyia nini? Na unajua tangu Mama augue, tumbo lake halikubali ugali, ni ndizi za kuchemsha tu. Yeye hatakukataza, maana wewe ndiye kifunga mimba wake. Ndiyo sababu nakukataza mimi.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie senge yao, shangazi wa Kitale, anawakumbuka. Msalimie pia mama mchungaji anayekuja kumwombea Mama.

Usikate, kaka. Na kama umeshakata, usinieleze kabeji zimeota vipi. Niandikie tu Mama anakula nini.

Ni mimi dada yako,
Nekesa